Baba Ameiona Bahari

S.L.P. 418,
Nyumbani.
Jumapili, tarehe 17 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote tulio chini ya paa hili la zamani. U hali gani huko? Mgongo wako umepoa, au bado unabeba magunia ya unga peke yako kana kwamba wenzako wa hapo kiwandani hawana mikono? Wifi na watoto hawajambo? Sisi hatujambo, ila Mama ana mafua kidogo na anailaumu feni ya nyumba ya wageni, jambo utakalolielewa ukiendelea kusoma.

Nilikwambia kwenye simu kuwa macho ya Baba yanamsumbua. Sikukwambia yote. Presha ya macho imeshamwondolea uwezo wa kuona pembeni. Kulia haoni, kushoto haoni, anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Matone ninayomletea kutoka duka la dawa ninakofanya kazi yanachelewesha tu, hayarudishi kilichokwenda. Siku moja tumetoka kliniki, anavua viatu mlangoni, akasema: "Miaka arobaini nimechanganya rangi za nyumba za watu, na bahari sijaiona hata siku moja." Kisha akaomba chai.

Nikaomba likizo ya siku saba. Lakini mimi najua nini kuhusu bahari na visiwa vyake? Mfamasia wetu ndiye aliyenionyesha ile programu ya akili bandia ya kwenye simu, unayoiandikia kama unavyomwandikia mtu nayo inakujibu. Nilidhani itanimwagia matangazo ya hoteli. Nikaiandikia: Baba ana miaka sabini na moja, haoni pembeni, goti la kushoto linamuuma, anataka kuiona bahari na kutembelea jiji. Kabla ya kunipa chochote ikaniuliza: anaona vizuri zaidi saa ngapi? Anashuka ngazi bila kushikwa? Na ni kitu gani anapenda kukitazama?

Kaka, nilibaki na simu mkononi pale kaunta mpaka mteja akakohoa kunishtua. Mwaka mzima tunazunguka kliniki na Baba, na mimi mwanawe sijawahi kumuuliza anapenda kutazama nini. Nikajibu: rangi.

Basi mpango wote ukageuka. Kisiwani kwanza, siku tatu, wakati miguu haijachoka. Boti ya asubuhi, kwa kuwa mchana jua likipiga maji lingemuumiza macho. Jijini, mtaa wa nyumba za kale zilizopakwa rangi, soko la vitambaa kabla halijafurika, na jumba la picha lenye mabenchi. Hata matone ya macho haikuyasahau. Yasipate joto njiani, ikasema, niulize duka la dawa namna ya kuyabeba. Nikacheka peke yangu.

Mama hakucheka. "Mnampeleka mtu asiyeona vizuri kwenye maji kwa ushauri wa simu? Akidumbukia, simu itamwopoa?" Nilipoona hatanii, nikaiuliza ile programu waziwazi kama ni salama Baba asafiri. Haikujifanya daktari. Ilisema hilo ni la daktari wake wa macho, ikaniandalia maswali matano ya kumpelekea. Daktari akayasoma yote, akataka kujua nani kayaandika, kisha akamgeukia Mama: "Mpelekeni. Na msichelewe." Siku hiyohiyo Mama akaanza kufungasha, na Baba akaipa programu jina: Karani.

Nisikudanganye, Karani naye hukosea. Alinipendekezea nyumba ya wageni yenye vyumba vya chini. Nilipopiga simu nikaambiwa vyumba hivyo siku hizi ni jiko. Nikamrudia na hasira zangu. Akaomba radhi, akakiri kuwa huenda habari zake zimepitwa na wakati, akanipa ya kuuliza kila nitakapopiga: ngazi ni ngapi, zina pa kushika, sakafu ya bafuni inateleza? Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, wa nne kumpigia, aliondoka na simu yake kwenda kuzihesabu. Nilimsikia akihema: "Nne, tano, sita. Ni sita, dada, na chuma cha kushika kipo." Tukafikia kwake.

Laiti ungekuwepo asubuhi ile ya boti. Baba alisimama mbele, mkono mmoja begani kwangu, akawa anageuza kichwa polepole, kipande kwa kipande, kama anayemulika tochi. Halafu akaanza: "Hapa karibu ni buluu, kijani, na tone la njano. Pale, ongeza nyeupe kidogo. Ile ya mbali kabisa..." Akanyoosha shingo. "Ile siijui. Ile sijawahi kuichanganya." Mama akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mimi sikujifanya, nililia hadharani, mpaka baharia akanipa kitambaa chake cha kufutia injini nikapaka uso mafuta.

Jijini nako tulianza vizuri. Baba alipapasa kuta za ule mtaa wa nyumba za kale, akamwambia mlinzi mmoja, "Hawa hawakupiga msasa kabla ya kupaka. Mwakani itabanduka." Mlinzi akacheka, akasema hata mwaka jana ilibanduka.

Siku ya pili tukachelewa kutoka sokoni, kwa sababu Mama na muuza vitambaa walikuwa hawajamalizana. Njia ilikuwa imeshajaa. Mtu mwenye haraka zake akampamia Baba kutoka upande asiouona, Baba akaanguka. Yule mtu akafoka: "Mzee, huoni?"

Kiganja tu ndicho kilichochubuka. Lakini tulipofika chumbani alikaa kitandani na viatu vyake, akasema kesho hatoki. Unamjua Baba akishasema. Usichokijua ni kwamba mwaka mzima tumembembeleza atumie fimbo nyeupe, naye anajibu afadhali akae ndani kuliko kutembea na tangazo la upofu. Baadaye akaninyooshea mkono: "Nipe Karani." Hakuwahi kuongea naye mwenyewe. Nikamwonyesha pa kubonyeza ili aongee naye kwa sauti, akasema: "Nimeangushwa barabarani leo. Nina aibu. Imebaki siku moja."

Karani kwanza akauliza kama amegonga kichwa, kama anasikia kizunguzungu. Kisha akamwambia kuwa aibu hiyo inawapata wengi. Hakumlazimisha chochote. Alisema tu kwamba fimbo nyeupe si ya kumsaidia anayeishika tu. Inawasaidia na wanaokuja mbele yake, wajue wampishe. Akitaka kuijaribu, akaulizie hospitali ya macho ya hapo jijini.

Baba aliiweka simu kitandani. Halafu akamgeukia Mama: "Kumbe ni kile kibao cha RANGI MBICHI." Unakikumbuka, kile alichokuwa akikitundika ukutani watu wasiegemee.

"Ndicho hichohicho," Mama akasema.

"Na kile sikukionea aibu hata siku moja." Ndipo akavua viatu.

Asubuhi tukaenda hospitali, wakampa fimbo na kumfundisha kuishika. Mchana akalitembea jumba la picha lote, watu wanampisha kama waziri.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nishike kalamu badala ya kupiga simu. Tangu turudi, Baba huongea na Karani kila asubuhi. Juzi nimemkuta anapanga safari nyingine, ya kuja kwako. Alikuwa anamweleza: "Ni mwanangu wa kwanza. Miaka tisa sijamwona. Nataka nimtazame uso wakati bado ninaweza." Aliyasema kwa utulivu, kama anayeagiza makopo ya rangi. Karani akajibu atasaidia, akauliza mwanawe ana likizo mwezi gani. Baba akanigeukia mimi, mimi nikamgeukia Mama. Hakuna aliyejua.

Sikulaumu, Kaka, najua kazi zako. Lakini daktari anasema miaka miwili, pengine mitatu, na hata hiyo haapi. Tuandikie huo mwezi.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie kitambaa chake kipo, Mama alikipigania. Wabusu watoto, uwakumbushe kuwa wana shangazi. Mama anakuombea usiku na mchana. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe afya na moyo mweupe. Baba amekataa nimwandikie salamu. Anasema zake atakuja nazo mwenyewe.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Mdogo wako wa mwisho.