Ganda la Mzinga la Mama

Poperinge, 12 Oktoba 1978

Kaka Wilfried,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi chako kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Goti humsumbua Mama mvua ikinyesha, na mvua ya huku unaijua, lakini anakula viazi vyake vizuri na ulimi wake haujapata ugonjwa wowote.

Uliniuliza kama ganda la mzinga la Mama litawekwa kwenye maonyesho ya parokia, siku ya kukumbuka mwisho wa Vita vya Kwanza. Litawekwa, ila limenitoa jasho. Hicho ndicho kitu pekee alichonacho cha babu Cyriel. Tumelelewa na hadithi yake: babu akiwa handakini kando ya mto IJzer alisikia kwamba amepata binti, akaokota ganda tupu la kombora, akalichora maua ya hopi, ule mmea wa bia unaolimwa huku kwetu, jina Alida na mwaka 1916. Kisha akauawa mwaka huohuo, kabla hajamtia mwanawe machoni. Na unajua Mama anavyoimalizia kila mara: baba alinipenda bila kuniona, mama aliniona kila siku wala hakunipakata. Bibi Romanie tulimwogopa sote, tusidanganyane.

Basi, bwana Lucien wa kamati ya maonyesho akataka kila ganda lihakikiwe umri wake, kwa sababu mengi yalichorwa baada ya vita na kuuzwa kwa wageni waliokuja kuzuru makaburi. Akanielekeza nitazame kitakoni, maana kiwanda hugonga hapo mwaka wa kulitengeneza ganda. La Mama, kama unavyokumbuka, limegandishwa kitambaa chini lisikwaruze kabati. Nikakilowesha kwa maji ya moto, kikabanduka. Imegongwa 18, yaani 1918.

Kaka, niliisoma tarakimu hiyo mara mbili. Babu alikuwa kaburini tangu mwaka wa kumi na sita. Atachoraje ganda ambalo bado halijatengenezwa?

Nikalipeleka dirishani. Makovu ya patasi waliyochorea askari hayamo kabisa. Maua yote ni vitone vidogo vya msumari, vimepangwa sawasawa, kimoja baada ya kingine. Nani hapa kwetu hufanya kazi kwa vitone? Wasuka lesi, ambao hutoboa ua kwa sindano kwenye karatasi ngumu kabla ya kutandika nyuzi, na bibi alikuwa mmoja wao. Nikafungua droo ya bibi, nikapekua karatasi zake, nikalikuta ua la hopi lenye jani lililojikunja upande wa kushoto. Nikaizungusha karatasi ile kwenye shaba ya ganda. Kila tundu lilikaa juu ya kitone chake.

Hapa nikueleze ukweli, usinicheke. Nilitafuta gundi ili nikirudishe kile kitambaa na kunyamaza. Ningempokonyaje Mama baba yake, katika umri huu? Nikiwa nimeshika gundi mkononi, yeye huyo mlangoni, akiniuliza ninamtengenezea nini ganda lake. Uongo na mimi hatujuani, nikamwambia yote.

Hakulia. Alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya jina lake, herufi moja moja, kisha akarudia tangu mwanzo, mpaka supu ikaanza kuungua. Mwisho akasema, "Alisuka lesi za watu mchana kutwa, macho yakimuuma. Halafu bado akashika nyundo." Nikamwambia labda bibi alitaka tu mtoto awe na baba. Akaitikia kwa kichwa. "Na mimi maisha yangu yote nimemshukuru mtu mwingine."

Tangu siku hiyo anaimba jikoni, vibaya kama kawaida yake. Amemwambia bwana Lucien aandike kwamba ganda limechorwa na Romanie kwa ajili ya binti yake, na ole wake akikosea jina. Anaomba uje na gari Jumapili umpeleke kwenye kaburi la bibi, ambako hajakanyaga tangu tumzike. Nilimuuliza atamwambia nini huko. Akasema hatamwambia kitu, atakaa naye tu, maana hawajawahi kukaa pamoja.

Wabusu watoto, msalimie sana wifi, na usikose kuja.

Mdogo wako akupendaye,
Godelieve