Baba Mkubwa Mstari wa Nyuma

Usinipigie, mdomo umevimba. Soma tu.

Ile picha ya familia imeishia kwa damu. Damu kweli, shati jeupe la baba mdogo lote limelowa.

Mimi ndiye niliyeyaanzisha. Unajua nimezoea kupiga picha za safari, na mlima ukiuweka nyuma haununi. Basi nikamwambia baba mkubwa, "Wewe mrefu, simama nyuma." Kiti cha pembeni ya bibi nikampa mdogo wake.

Nilisema mrefu. Mrefu tu, jamani.

"Mimi mtoto wa kwanza nisimame, huyu akae? Mbele ya mama?"

Akamng'oa baba mdogo kitini kwa kola, akamtandika ngumi ya mdomo. Jino likaruka. Baba mdogo akainuka na kiti, akamshushia nacho begani. Nikaingia kuamua, nikala kiwiko, nikaenda chini kama gunia.

Ngumi ya mdomo. Ndugu wa tumbo moja.

Na kamera nilikuwa nimeitegesha ijipige yenyewe mfululizo, maana kwetu hakukosi mtu wa kufumba macho. Imepiga ugomvi wote.

Nilitaka kuzifuta, bibi kaninyang'anya kamera. Kazipitia moja moja mpaka ile ambayo kiti kiko hewani na damu inamchuruzika baba mdogo kidevuni.

"Hii ndiyo unisafishie," kasema. "Kubwa, ya ukutani. Angalau leo wote mmefumbua macho."