Kitabu Kinachosema Nyumba Yetu Imefungwa

Nyumba ya marehemu Isidra Tumapon,
Mkabala na karakana ya seremala,
Lazi, Kisiwa cha Siquijor,
Ufilipino.

22 Februari 2019

Mpendwa mwanangu Jonalyn,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Hujambo? Na huko Stavanger baridi imewaachia, au bado mnalala na soksi? Mguu wa mama yako unaendeleaje? Perla mwenyewe alinitumia picha ya plasta yake lakini hakusema ni mguu gani, na kwa jinsi alivyopiga picha yenyewe hata daktari asingejua. Natumaini Eirik na mtoto Signe ni wazima. Mimi ni mzima pia, isipokuwa goti la kulia, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio.

Ujumbe wako wa simu niliupata. Jambo refu mimi naliandika kwa kalamu, kwa hiyo usishangae jibu kuja kwa posta.

Umeniuliza ununue kitabu kipi cha mwongozo wa watalii kwa ajili ya likizo yenu ya mwezi wa tano hapa kisiwani. Umeongeza kwamba mtafikia hotelini kule San Juan, ufukweni, ili msinisumbue. Nitaanza na kitabu.

Wiki iliyopita nilivuka kwenda Dumaguete kuchukua dawa ya goti, nikapitia duka la vitabu vikuukuu lililo nyuma ya soko. Watalii wakimaliza likizo huviacha vitabu vyao vyumbani, wafagiaji wakavipeleka kwa Gingging, mwenye duka. Nilipomwambia nataka vyote vinavyoitaja Siquijor, alinitazama juu ya miwani.

"Dada Consor, wewe si mzaliwa wa kule?"

"Ndiyo."

"Umepotea?"

"Si mimi. Mtoto wa mdogo wangu anakuja kutembea."

"Naye si wa kule?"

"Wa kule kule. Aliondoka ana miaka sita."

"Basi kitabu cha nini? Akishuka tu kwenye meli aulize kwa Tumapon ni wapi. Mtu atampeleka mpaka mlangoni na ndizi atamnunulia njiani!"

Bandarini siku hizi wanaoijua nyumba yetu ni wachache. Vijana wanaoendesha pikipiki za magurudumu matatu wengi wametoka visiwa vingine, na waliokuwa wakitujua wameondoka kama mlivyoondoka nyinyi. Nikanunua vitabu vitatu, kimoja katika matoleo mawili, nikarudi navyo.

Njia yangu ya kukipima kitabu cha namna hii ni ile niliyoitumia gazetini Cebu kuwapima waandishi wapya. Anza na mahali unapopafahamu mwenyewe. Kikikosea jikoni kwako, usikiamini kinapokueleza jiko la mwenzako.

Cha kwanza ni kinene, kinahusu nchi nzima. Siquijor imepewa kurasa mbili na nusu, na zaidi ya nusu ya hizo ni uchawi. Kinasema watu wa visiwa vya jirani wanaogopa kulala kwetu. Nilimsomea Teroy, seremala wa mkabala. Aliweka randa chini.

"Wananiogopa mimi?"

"Ndivyo kilivyoandika."

"Hata kuku wangu hawaniogopi. Jana wamekunywa rangi yangu."

Kitabu hicho kiache.

Cha pili ni cha picha. Karatasi nzito, rangi nzuri. Picha kubwa kuliko zote, inayosemekana ni ya ufuko wetu, ina mwamba mrefu uliosimama majini. Mwamba wa namna hiyo hapa hakuna. Niliuona kisiwa kingine kabisa, mwaka nilipotumwa kuandika habari za kimbunga. Signe anaweza kupewa akifunue kwenye ndege.

Cha tatu ni chembamba, na aliyekiandika alitembea kwa miguu yake. Anajua kwamba nyumba ya mapadri ya Lazi inatazamana na kanisa, miti ya mikakaya iko katikati, na kwamba kwenye maporomoko ya maji asubuhi hakuna msongamano. Saa za meli zimepitwa na wakati, lakini saa za meli huulizwa bandarini, si kitabuni. Hicho ndicho ununue, toleo jipya lililotoka mwezi uliopita. Jalada ni la kijani. Kabla hujakinunua, kuna habari zake ambazo nadhani mama yako hakukusimulia.

Mlipokuwa mmeshaondoka, mwandishi wa kitabu hicho alifika Lazi tarehe kumi na tano ya mwezi wa tano, sikukuu ya Mtakatifu Isidro. Siku hiyo kila mlango uko wazi na kila meza imejaa, na mpita njia yeyote huitwa ndani ale bila kuulizwa ametoka wapi. Hakuna aliyemweleza. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, ameungua pua. Bibi yako alimwona anachungulia.

"We mrefu! Ingia ule, utaanguka!"

Akaingia. Akala nyama ya nguruwe, akala tambi, akala wali wa nazi na sukari, kisha akatoa pochi na kuuliza bei. Mimi nilikuwa nimekuja sikukuu kutoka Cebu, nikamtafsiria Bibi. Alicheka mpaka akashika meza.

"Anauliza bei! Mwambie bei ni kurudia sahani."

Akarudia. Tukadhani yameishia hapo.

Mwaka uliofuata kitabu kilitoka. Ninakinukuu kama kilivyo: "Mgahawa usio na jina, mkabala na karakana ya seremala. Mwenyewe ni mama mchangamfu. Chakula cha kienyeji, tele. Unalipa unachotaka, atakataa mwanzoni." Chini yake wameweka nyota moja, maana yake usiache kupita.

Wa kwanza kufika walikuwa wasichana wawili wenye mabegi mgongoni, siku ya kazi, mwezi wa nane. Nilikuwa likizo. Bibi na mimi tulikuwa tunakula mahindi ya kupondwa na samaki mkavu. Wakasimama mlangoni wamekishika kitabu kama kadi ya mwaliko.

"Mama," nikasema, "hili ni kosa la uchapaji. Nitawaandikia warekebishe."

"Kosa liko wapi? Wana njaa, sisi tuna chakula."

"Hapa si mgahawa."

"Kwani wamesema wanataka mgahawa? Wamesema wanataka kula. Ongeza samaki, mwandishi, usiwahoji watoto wa watu."

Sikuwaandikia wachapishaji. Toleo baada ya toleo walilirudia lile lile, na wageni wakawa wanakuja, leo mmoja, kesho kutwa watatu. Teroy alikuwa akipiga kelele kutoka karakanani: "Bibi Isidra, hoteli ina chumba? Mke wangu amenifukuza!" Bibi akaanza kuweka kikombe cha ziada cha mahindi kila mchana. Alikiita kikombe cha kitabu. Nilipostaafu nikarudi kumtunza, nikakuta mazoea hayo yameshakuwa sheria ya nyumba. Hata miezi ya mwisho, akiwa hainuki tena kitandani, aliniuliza kila mchana, "Leo kitabu kimeleta nani?" Kama hakikuleta mtu alinuna, akakataa uji.

Bibi alifariki mwaka jana, tarehe tisa Machi. Mliona mazishi kwenye simu, mpaka mtandao ulipokatika. Baada ya hapo, kama ilivyo desturi, nyumba ilikaa matanga mwaka mzima: nguo nyeusi, hakuna muziki, na sikukuu ya mwezi wa tano mlango wa mbele haukufunguliwa. Watu walipita barabarani kwenda nyumba nyingine. Ndivyo inavyotakiwa. Niliwasikia wakipunguza sauti walipofika hapa, kisha wakaiongeza tena.

Sasa nikurudishe kwenye toleo jipya. Nyota imeondolewa. Wameandika: "Mgahawa wa Lazi umefungwa. Jirani hajui kama utafunguliwa tena."

Jirani ni Teroy. Nilikwenda kumuuliza.

"Kweli alikuja mmoja na kalamu," alisema. "Akaniuliza, nikamwambia sijui. Ningemwambia nini, Dada Consor? Sikujua. Na kukuuliza wewe niliona haya."

Kwa hiyo hawajasema uongo. Kwa muda wote wa miaka ile hii ndiyo sentensi ya kwanza kuhusu nyumba yetu ambayo ilikuwa sahihi siku ilipoandikwa. Tangu hapo hajaja mtu. Mchana napika kikombe kimoja, na kinabaki. Mbwa amenenepa.

Mambo mengine. Bati la jikoni limebadilishwa. Barabara ya kwenda mji wa Maria imewekwa lami, na ng'ombe wameona ndiyo mahali pazuri pa kulala. Padri mpya ni kijana, mahubiri yake ni mafupi, wazee wanalalamika. Mimi nasoma magazeti ya juzi na kusahihisha makosa kwa penseli, ingawa hakuna wa kumpelekea.

Tarehe tisa mwezi ujao tutaanua matanga. Nitavua nyeusi, padri atasali, basi. Teroy ameshauliza kuhusu mwezi wa tano, kwa kuwa mabenchi yake ndiyo yanayotumika.

"Mwaka huu mnafungua, au tupite?"

"Tunafungua," nikamwambia.

Alirudi kwenye randa yake. Mimi nilibaki mlangoni nikijiuliza hao tunaofungua ni akina nani. Nyumba ikifungwa mwaka mmoja, miguu ya watu huzoea njia nyingine, na tayari nimesikia meza zilizo na vijana na spika kubwa ndizo zinazotajwa. Nikifungua asije mtu, Lazi nzima itaona kupitia madirisha. Mimi nimewahi kukaa peke yangu katika vyumba vya hoteli vya miji mingi na haikuniuma. Kukaa peke yangu mbele ya meza ya Bibi siku ya jina lake ni jambo jingine.

Kitabu nilichokushauri kina kisanduku cha maonyo, ukurasa unaofuata ule wetu. Kinawashauri wasafiri waiepuke Lazi katikati ya mwezi wa tano. Meli hujaa, vyumba havipatikani, maandamano ya mtakatifu hufunga barabara. Kinapendekeza mtu afike tarehe kumi na sita. Wewe umeniandikia kwamba mnapanga kufika tarehe kumi na sita, kwa hiyo nadhani umeshakisoma mahali. Nimekihakiki kisanduku hicho neno kwa neno. Hakuna kosa. Kwa mtalii ni ushauri mzuri.

Lakini umesema tiketi hamjakata. Naomba mfike tarehe kumi na nne, na mfikie hapa. Vyumba vya juu ni viwili, chako nimeshakiosha, feni inafanya kazi. Eirik ainame kwenye ngazi, boriti ni ya enzi za watu wafupi. Bahari ya San Juan itakuwapo hata wiki inayofuata, na hoteli nazo hazihami. Kunisumbua unakokuogopa ndiko nilikokukosa mwaka mzima.

Hutahitaji kufanya lolote la ajabu. Utasimama mlangoni, na kila atakayepita utamwambia aingie ale. Kuizungumza lugha yetu umesahau, najua. Maneno hayo ni machache na Signe atayashika kabla yako. Watu wakimwona mtoto mlangoni hawapiti.

Ikishindikana, njooni tu tarehe kumi na sita kama kitabu kilivyosema. Mtakuta mabenchi yamesharudishwa kwa Teroy na mimi naosha masufuria. Nitafurahi vilevile, na sitalitaja tena. Ila ulitaka nikuchagulie, nami nimekuchagulia: kitabu ni cha kijani, tarehe ni ya kumi na nne.

Nguruwe nimeshaagiza kwa mfugaji wa huko mlimani. Aliniuliza mara mbili kama ni nusu au mzima. Nilimwambia mzima.

Msalimie sana mama yako. Mwambie kama mguu unaruhusu, chumba cha pili ni chake, na kama hauruhusu aje vivyo hivyo, ngazini tutambeba. Msalimie Eirik, umbusu Signe kwenye mashavu yote mawili. Teroy na mkewe wanakusalimu. Wanakukumbuka ukiwa na meno ya mbele yaliyong'oka. Mtakatifu Isidro awatunze njiani, na Bibi huko aliko awaombee bahari tulivu.

Ni mimi nikupendaye, nikikusubiri nyumbani kwenu,

Mama Mkubwa Consorcia