Unga Ndani ya Injini

Jumatatu, 14 Desemba 1959. Naivasha.

Enyi wenzangu katika mapambano! Enyi mnaotazama samaki wa ziwa lenu wakipanda magari ya wengine!

Umati haupo. Tuko mimi, msomi wa Makerere, kalamu na harufu ya samaki. Lakini hotuba isiyofanyiwa mazoezi ni aibu, na Jumamosi nitaihitaji.

Hali ni hii. Chama cha wavuvi cha mjomba Kiptanui kimenunua mashua ya injini kutoka kwa Mzungu aliyehama. Jumamosi atakuja ofisa wa uvuvi, ambaye watu humwita Bwana Samaki. Atapanda aone kama mashua itafika kisiwani na kurudi bila kukokotwa. Ikiweza, chama kinapata leseni — Waafrika wa kwanza kwenye gati hii! Ikishindwa, leseni inakwenda kwa walowezi.

Leo tumeiwasha. Maji yakaruka ubavuni mwa injini kama ng'ombe anayekojoa.

Jumatano, 16 Desemba

Amewasili fundi Waithaka kutoka Bondeni, Nakuru. Pasi ya kusafiria mkononi, spana begani, kelele mdomoni. Ni fundi wa malori. Anasema injini ni injini, hata ukiitia ndani ya kanisa.

Chanzo tumekipata. Injini hii hujipoza kwa kunyonya maji ya ziwa, kuyazungusha mwilini mwake, kisha kuyatema kwa bomba la nyuma. Sasa yule Mzungu alikuwa akiiendesha mashua kwenye ziwa la Nakuru, akitazama ndege aina ya heroe. Magadi matupu! Chuma kimelika kutoka ndani. Niligonga kidogo kwa bisibisi. Bisibisi ikazama.

Waithaka akatoa skrubu ya shaba ili azibe. Nikapinga! Nikapanda juu ya debe, nikaeleza kwamba shaba na chuma vikiishi pamoja majini, shaba hunawiri na chuma huliwa. Je, hiyo si sura halisi ya ukoloni?

Truphosa, mke wa mjomba, akauliza chuma kitachukua muda gani kuliwa. Nikasema mwaka, labda miwili.

"Profesa," akasema, "sisi tunataka Jumamosi tu."

Hata hivyo nilishinda. Tumeagiza boliti ya chuma, ing'olewe kwenye plau kuukuu la shemeji yake Truphosa huko Mau Narok.

Alhamisi, 17 Desemba

Boliti imefika, imeingia. Tundu limezibwa! Likafunguka jingine kando yake. Tukaliziba. Likafunguka la tatu. Mjomba amevua kofia — dalili kwamba anakaribia kumwomba Mungu.

Ijumaa, 18 Desemba

Matundu makubwa yamekwisha. Limebaki jasho: injini yote inatokwa na maji kwa vijitundu visivyoonekana.

Waithaka ana dawa. Lori likivuja rejeta, tangi lake la maji ya kupoza injini, kwenye mlima wa Sachangwan, dereva hutia unga wa mahindi. Maji ya moto yanaupika, vijitundu vinaziba, safari inaendelea.

Nikapinga kwa hoja. Maji ya rejeta ni yaleyale, yanazunguka humo humo. Injini yetu hunyonya mapya na kuyatema! Unga ama utatoka wote, ama utagandia ndani.

"Kwani Makerere ulisomea unga?" mjomba akauliza.

Basi nikadai kura. Mimi mwenyewe! Nikatangaza kwamba katika Kenya ijayo hapatakuwa na uamuzi bila kura, mtu mmoja kura moja, mwanamke kwa mwanamume. Wakapiga makofi. Kisha wakapiga kura: unga tatu, mimi moja.

Demokrasia imeshinda. Truphosa amejaza debe.

Jumamosi, 19 Desemba

Naandika ndani ya mashua, katikati ya ziwa. Injini imezimika. Kasia ni moja.

Tuliondoka kwa fahari. Truphosa naye akapanda, kulinda debe lake. Waithaka akamimina unga kwenye mdomo wa pampu. Jasho likakoma kabisa! Mjomba akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Ndipo bomba la nyuma likaanza kutema kitu cheupe, kizito, chenye mvuke.

Bwana Samaki akauliza ni nini hicho.

"Uji, bwana," Truphosa akajibu kwa adabu zote.

Punde uji ukawa ugali, pampu ikakabwa, moshi, mlio — basi.

Nikajua saa yangu imefika. Nikasimama juu ya benchi. "Enyi wenzangu katika—" Hakuna aliyeinua uso. Nyuma ya mashua maji yalikuwa yakichemka. Samaki! Wameufuata uji kwa wingi ambao sijapata kuuona. Bwana Samaki amechomoa mshipi wake wa ndoana na anavua huku akicheka peke yake. Mjomba anavulia shati. Waithaka anaapa kwamba tangu mwanzo hiyo ndiyo ilikuwa nia yake.

Sasa hivi imefika mashua ya walowezi, nyuso zimejaa huruma, na kamba tayari. Bwana Samaki hakugeuka. Amewapungia mkono waende zao.

"Mimi hapana taka kamba!" amesema. Kisha kwetu: "Leo mtihani hapana kwisha. Jumatatu, saa tatu asubuhi, wote gati. Na nyinyi leta unga mingi."