Arobaini Iliyokatishwa na Ekzosi

Mpendwa Mama Zuhura,

Shikamoo, mama yangu wa ng'ambo ya masale.

Barua hii naiandika wazi. Nakala moja itakufikia huko Mabogini, nyingine nimeibandika kwenye mlango wa gereji yangu, palepale ilipokuwa picha ya pikipiki inayotema moto. Kelele zangu zilisikika mtaa mzima wa Soweto, kwa hiyo si haki samahani niinong'one. Anayetaka kunicheka akisoma, acheke tu. Wewe haya yote unayajua, lakini wanaosoma mlangoni hawayajui, hivyo niwie radhi nikikusimulia habari zako mwenyewe.

Nimezaliwa nikakuta masale yale, mimea ya mpaka yenye majani marefu, yamepandwa. Baba alikuja nayo kutoka Kibosho, akayapanda kwenye mpaka wa kiwanja chetu na chenu kama wanavyofanya watu wa mlimani. Akaacha pengo katikati. Ulishawahi kuniambia kwamba alilipima pengo hilo kwa kukusimamisha wewe na sufuria kichwani, upite bila kugusa jani. Sufuria zimepita pale mpaka njia ikawa ngumu kama sakafu. Krismasi, marehemu mumeo ndiye aliyetuchinjia mbuzi ili sote tule nyama moja. Idi, mimi na dada zangu tulikuwa kwenye mkeka wako kabla hata wageni wako hawajafika. Nilipokuwa mdogo nilidhani tuna nyumba mbili, na kwamba kila mtu duniani anazo mbili.

Halafu ukamzaa Zuhura.

Nilikuwa darasa la kwanza. Nakumbuka harufu ya maji ya moto yenye majani, na wewe umejifunika kanga mbili kwenye joto la Januari, na mama aliyenizaa akipita pengoni na chungu cha mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, kila asubuhi. Lakini kubwa ninalokumbuka ni Baba. Alikuwa fundi pikipiki kama nilivyo mimi leo, chini ya mparachichi uleule. Arobaini yako yote hakuwasha pikipiki hata moja uani. Akishamaliza kutengeneza, aliisukuma mpaka njia panda, mita mia mbili na zaidi, nyingine nzito kama ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani, ndipo aiwashe kule aisikilize. Ikiwa bado ina kasoro, anairudisha kwa kuisukuma. Wateja walimcheka. Mmoja akamuuliza, "Fundi, kwani mtoto ni wako?" Baba akamjibu, "Mtoto ni wa jirani. Ndiyo maana nasukuma. Wangu ningemzoesha."

Ulicheka sana ulipoletewa maneno hayo ndani. Ukasema Baba yangu ni mtu wa ajabu, na siku ya arobaini ukampelekea sahani ya kwanza ya pilau kabla hata ya ndugu zako.

Sijui mtoto wa mtu kama huyo aligeukaje kuwa mimi. Au najua, ila naona haya kusema. Baba alipofariki, wateja wake wazee wakapungua, vijana wakaja na habari yao moja: wanataka mlio. Ndani ya ekzosi kuna vyuma vinavyomeza sauti, mimi nimezoea kuviita matumbo. Nikajifunza kuyakata na kuyatoa, pikipiki ndogo ya mzigo ikawa inaunguruma kama lori linalopanda Marangu. Nikapata jina. Wakaniita Fundi Mlio, na nikalipenda jina hilo, Mungu anisamehe. Waliosema debe tupu haliachi kuvuma walikuwa wananisema mimi na kazi yangu kwa pamoja. Hata lile pengo la Baba nililipanua, nikang'oa mashina sita ya masale nipate pa kuegesha pikipiki. Uliniangalia nikiyang'oa. Ukasema tu, "Angalia usijikate." Kumbe mtu anaweza kukuonea huruma ukadhani amekubaliana na wewe.

Mwaka huu Zuhura akarudi kwako kujifungua mtoto wake wa kwanza, mumewe akabaki Tarakea na biashara yake ya maharage. Nilifurahi kwa dhati, na hilo naomba uliamini. Mtoto alipofika nilimtuma mke wangu na mtori siku ya pili, siku ya nne nikauleta mwenyewe, ukaninyanyulia kitambaa nikamwona usoni. Nikasema, "Amefanana na wewe." Nikarudi gerejini na moyo mweupe kabisa, nikachukua msumeno wa chuma.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, mama, na nimelitafakari sana. Nilidhani mzazi anaheshimiwa kwa chungu. Chungu kinaonekana, kina mvuke, watu wanakiona kikipita wanasema fulani ana adabu. Ukimya hauna wa kuuona. Kumbe Baba hakuwahi kupeleka chungu hata siku moja, hiyo ilikuwa kazi ya mama. Yeye alipeleka ukimya, tena akiusukuma kwa mabega.

Siku ya kumi na moja ilikuwa zamu ya pikipiki moja nyekundu. Nilikuwa nimemaliza kuikata, nikapiga resi, ikalipuka kama baruti mara tatu mfululizo. Vijana wakashangilia. Nilipoachia mafuta nikakuta umesimama pale pengoni, kanga begani, mkono mmoja bado una unga. Nyuma yako mtoto alikuwa analia mpaka sauti inakatika, na Zuhura naye nilimsikia akimbembeleza.

Ukasema, "Aloyce mwanangu, leo ni siku ya kumi na moja."

Nikasema, "Samahani mama, nimalizie hii moja tu."

"Moja tu?"

"Moja tu."

"Haya," ukasema, ukarudi ndani.

Nilimaliza ile, nikamaliza na nyingine nne.

Kesho yake asubuhi ikaja bajaji. Nilimwona Zuhura akitolewa, amefunikwa kichwa na mabega, mtoto hata haonekani kwa nguo. Nikadhani mnakwenda kliniki. Mama, nilikuja mbio kukusaidia mikoba! Nikaipanga vizuri kabisa nyuma ya kiti, nikakuambia, "Mnisalimie daktari." Ukaniambia, "Ubaki salama, mwanangu," nami nikaona ni maagano marefu mno kwa safari ya kliniki, lakini simu ikaita, nikaenda kuipokea.

Mama aliyenizaa ndiye aliyenifumbua macho. Alishuka kutoka Kibosho, anakoishi sasa, na mkungu wa ndizi kwa ajili ya mzazi, akakuta mlango wako una kufuli.

"Mzazi yuko wapi?" akaniuliza.

"Kliniki. Waliondoka siku ya kumi na mbili."

"Kliniki ya wiki mbili?"

Sikuwa hata nimehesabu. Akavuka barabara akauliza kwa majirani, akarudi uso umebadilika, akakaa juu ya tairi bovu.

"Mzazi ametolewa ndani kabla ya arobaini," akasema taratibu. "Amebebwa barabarani na vumbi hili na kitoto cha siku kumi na mbili, kwa sababu yako. Baba yako alisukuma vyuma vya watu siku arobaini. Wewe mkono mmoja unampelekea mtori, mkono mwingine unampigia mtoto baruti. Yesu na Maria, Aloyce! Nani amekulea?"

Nilitaka kusema, "Wewe na Mama Zuhura." Na hiyo ndiyo ilikuwa aibu yenyewe.

Akasimama, akaenda kwenye masale yaliyobaki, akachuma jani moja, akalikunja vizuri akanipa. Wewe umeishi na Wachaga maisha yako yote, hujahitaji kufundishwa maana yake. Anayekuja na isale anakuja kuomba radhi, na anayeletewa hageuzi uso. Lakini mkosaji hulipeleka mwenyewe, akiwa na mkubwa wake, kwa adabu. Mama aliniambia tutakwenda pamoja Jumamosi. Mimi nikaona haya yananichoma, nisingoje mpaka Jumamosi. Nikamwita Deo, yule rafiki yangu wa bodaboda, nikampa jani, nikamwambia, "Fika Mabogini mara moja, mpe Mama Zuhura, mwambie Aloyce anaomba radhi."

Nikamtuma Deo na pikipiki yake, ile nyekundu! Ile niliyoikata kwa mikono yangu siku ya kumi na moja!

Wanaosoma mlangoni, hapo ndipo mnapotakiwa kucheka.

Deo alinieleza yote aliporudi. Alisema alipoingia kwenye mashamba ya mpunga ndege wote waliruka kwa pamoja, na mtu anayewafukuza akamnyanyulia mkono kumshukuru. Alisema alikukuta umeshasimama nje kwa dada yako unamsubiri, maana ulimsikia tangu yuko mbali, na mtoto alikuwa ameamka. Ulilipokea jani kwa mikono miwili. Ukamwambia, "Mwambie Aloyce, jani limefika. Na mlio wake nao umefika."

Nilicheka mama, nikacheka mpaka nikakaa chini, halafu sikuwa nacheka tena.

Lakini Deo hakumaliza hapo. Akasema hukumfukuza. Ulimkaribisha uani, ukampa wali na maharage, na wakati anakula ukamwekea mjukuu wako mapajani kwa sababu ulikuwa na chungu jikoni. Deo ni mtu mzima, ana mke na watoto wawili, lakini aliniambia hajawahi kutulia hivyo, hata kutafuna alitafuna polepole. Kitoto kikasinzia. Ukamchukua mtoto, mkaagana.

"Aisee fundi," Deo akaniambia, "nikafika kwenye pikipiki, nikashika ufunguo, mkono ukagoma. Nikaisukuma mpaka darajani kwenye mfereji. Watu wa mpunga wakadhani nimeishiwa mafuta, wakataka kunisaidia. Nikawaambia hapana, kuna mtoto amelala."

Kisha akasema, "Nirudishie matumbo."

Matumbo ya pikipiki yake nilikuwa nayo bado. Yote nilikuwa nayo, nimeyatupa kwenye ndoo iliyotoboka chini ya mparachichi. Ya Deo niliyachomelea jioni ileile. Kesho yake akaja mwenzake, akaja na mwingine. Sitakudanganya kwamba wamekuja wote. Kuna waliosema bila mlio abiria hawawaoni, nikawaambia abiria ana macho. Watatu wamehamia kwa fundi mwingine, na mmoja alinifutia namba yangu mbele yangu nione. Sijawabembeleza. Kwangu hakatwi tena mtu ekzosi, na kibao cha Fundi Mlio nimekishusha, mke wangu anakianikia dagaa.

Pikipiki ikiisha kutengenezwa sasa tunaisukuma mpaka njia panda. Bega la kushoto linaniuma, na kila linaponiuma namkumbuka Baba kwa namna ambayo sikuwa nimemkumbuka tangu tumzike. Nilisema namkosa. Kumbe nilikuwa simsikii tu kwa ajili ya kelele.

Jambo jingine dogo. Juzi asubuhi nilikuwa nafunga mnyororo, hakuna injini, hakuna redio, nikasikia tone. Tone, halafu tone. Nikadhani ni tangi la mafuta linavuja, nikakagua pikipiki zote, hapana. Ilikuwa bomba lako la uani, mama. Sijui limevuja miezi mingapi, na mimi niko hatua kumi. Nimelibadilishia mpira. Hapo chini pameota mchicha mzuri sana, sijauchuma, nimeumwagilia tu. Na yale masale sita nimeyapanda upya. Pengo nimelipima kwa mke wangu akiwa na sufuria kichwani, amelalamika sana lakini hakugusa jani.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi yangu yamekuja na mjukuu wa kweli, ana wiki nne na siku chache, na nimemwona uso mara moja tu.

Jumamosi nitakuja na mama aliyenizaa. Isale safari hii nitalibeba mwenyewe. Tutashuka darajani kwenye mfereji na tutamaliza kwa miguu, kwa hiyo usitusikilizie, angalia tu njia. Sikuombi usahau. Nakuhesabia siku: bado zinabaki chache arobaini itimie. Zuhura akiona vyema, Deo amekwishaazima bajaji ya kaka yake iliyo kimya, na anasema akifika njia panda atazima injini aisukume mpaka mlangoni kwako, mtoto akiwa amelala. Vijana sita wa kijiweni wamejitolea kusukuma naye. Sijawaomba.

Siku ile nilikuomba moja tu, ukanipa, nikaiharibu. Nakuomba tena, mama. Siku moja tu. Mje mkae siku moja ndani ya nyumba yenu, mlango wa uani ukiwa wazi. Mtoto akiamka kwa sababu yangu, mikoba nitaipanga mimi mwenyewe, na safari hii nitajua mnakwenda wapi.

Nawaombea usingizi mwema huko. Msalimie Zuhura, na mwambie mdogo kwamba mtaa wake unamngoja kimyakimya.

Ni mimi, mwanao wa ng'ambo ya masale.