Jumapili ya Wajane Nimebaki Benchini

Mpenzi Baba Neema,

Naandika bila bahasha kwa sababu sijui niipeleke wapi barua hii. Mchungaji amekubali kuisoma kanisani kwetu hapa kambini Misiera na kule kambi ya Oruchinga, huenda akawepo mtu aliyekuona. Nisamehe basi nikitaja mambo yetu mbele za watu.

Unakumbuka wiki yetu ya kwanza Kabazana, pale wanapopokelewa wakimbizi wapya? Tulilala ukumbi mmoja na familia nyingi, Neema ana miaka mitatu na kikohozi kisichoisha. Kila asubuhi uliomba kwa sauti kubwa mpaka jirani yetu Mrundi, Mkatoliki mpole, akakuuliza kama Mungu wetu ni kiziwi. Ulicheka. "Hapana, ndugu yangu. Mimi ndio niko mbali." Nilikupenda upya siku ile, na sikukwambia.

Tulipopewa kiwanja ulifyatua matofali mwenyewe, nami nikikanyaga udongo, huku tunaimba nyimbo za kwaya. Uliimba besi, na ubeti wa pili ulikushinda kila mara. Nyumba ilikuwa haijapata mlango habari zilipofika kwamba mama yako amebaki peke yake kule Fizi tulikokimbia. "Naenda kumuchukua," ukasema. "Nitarudi mbele ya maharage kukomaa." Nilikasirika, nikakufungia mihogo kimyakimya. Maharage yalikomaa. Tangu hapo yamekomaa misimu kumi na sita, miwili kila mwaka.

Kanisani, Jumapili ya kwanza ya mwezi, wajane huitwa mbele wakaombewa na kupewa sabuni. Mama Riziki, tunayekaa naye benchi moja, hunivuta kitenge: "Simama, dada. Myaka munane ni mingi." Sisimami. Kuna miezi nafua kwa majivu, lakini sisimami. Nilidhani imani ndiyo hiyo, kung'ang'ania benchi na kusema atarudi, atarudi, hata moyo wenyewe ukiwa umechoka kunisikiliza.

Jumanne iliyopita nilikwenda mjini Mbarara na Neema kwa ajili ya faili yetu ya kuhamia nchi ya mbali. Dada wa ofisini, mwenyeji wa huko na mwenye adabu, akainua kalamu. "Mama, bwana yako iko wapi? Niandike alikufa?" Watu walikuwa wameniambia nikubali tu, eti faili ya mjane hutembea haraka. Neema akanitazama. Miaka yote amenisikia nikisema baba anakuja.

"Andika sijui," nikajibu.

Neno hilo sikuwahi kumwambia hata Mungu. Dada akanionya kwamba faili inaweza kukawia. Nikamwambia ikawie. Tulipotoka nje Neema akanishika mkono. "Mama, kumbe haujue?" Nikamwambia sijui, mwanangu, ila yuko anayejua. Tulilia pale kando ya barabara bila kujali wapita njia, kisha tukanunua chapati tukala.

Tangu siku hiyo naomba tofauti. Simwamuru Mungu tena akurudishe. Namwambia ninakutamani, na kwamba mpaka leo silali upande wako wa mkeka, halafu namwachia. Imani yangu imepungua ukubwa, Baba Neema, lakini haidanganyi tena, na asubuhi naamka mwepesi kidogo.

Wakituita kuondoka, tutaondoka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba utafika utukose. Ukikuta watu wengine ndani ya nyumba, usigeuke. Piga hodi. Atakuwa Mama Riziki, nimemwachia. Atakupa maji ya kunawa, chakula, na anwani yetu. Fuata hiyo anwani, hata kama ni mbali kiasi gani.

Na kama uko kwa Bwana tayari, basi kaa hapo utulie. Mimi nimengoja vya kutosha. Sasa ni zamu yako kutungoja.

Mungu akulinde popote alipokuweka.

Mke wako bado,
Mama Neema