Barua Yetu kwa Leta Juu ya Nyumba ya Dawa

Siku ya kwanza ya juma, 5/3/1951
Tena nyumba ya dawa, na dada yangu Sifa. Mimba ya miezi munane. Mustari hauishi. Nusu ni Banyarwanda, wale Leta, serikali ya Wazungu, iliwaleta kulima hapa Masisi. Nikamutania mama mumoja wa kwao: "Mama, kwenu hakuna dawa?" Akacheka. "Kwetu njo hapa sasa, kaka." Iko na mudomo!

Siku ya ine, 8/3
Wazee walikaa kwetu. Hasira tupu. Kodi yetu sisi Bahunde njo inalipa munganga wa nyumba ya dawa, majani ya kuezeka tulikata sisi, wageni wanamaliza kinini, dawa ya malaria. Wanataka barua kwa Leta: dawa iwe yetu peke yetu, ao hatutoi kitu tena. Nani anajua kuandika? Mimi! Miaka tatu ya masomo. "Monsieur" niliiweka mara ine, ipendeze. Wazee wakagonga vidole gumba vya masizi ya chungu kwenye karatasi. Papa akasema: "Huyu kijana iko na kichwa." Najua, Papa.

Siku ya posho, mwisho wa juma, 31/3
Jibu limefika. Kama hatutaki kugawana dawa na wengine, munganga anahamia Bihambwe, kwenye watu wengi zaidi. Wamebeba dawa, wamebeba hata kitanda cha kuzalia. Wazee walifikiri Leta itafukuza wageni. Mimi pia. Leo hakuna aliyenisifu.

Siku ya tatu ya juma, 11/4
Uchungu ulimushika Sifa asubuhi. Tukamuweka kwenye kipoyi, ile machela ya miti, kwenda Bihambwe. Mvua. Matope mpaka magoti. Tulikuwa wane tu, mabega yalikufa. Kule bondeni Banyarwanda wawili waliacha majembe, wakashika miti bila kuombwa. Niliona haya sana. Mutoto alitoka njiani, pembeni ya shamba la maharagwe. Wa kiume. Hakulia, hakupumua. Tukaendelea kwa ajili ya Sifa, damu ilikuwa nyingi. Munganga alituona, akajua tunatoka wapi. Akamutibu.
Kwenye ile barua, vidole ni vya wazee. Maneno ni yangu. Najichukia.

Yenga, siku ya misa, 15/4
Tumerudi na Sifa. Anakaa kwenye mukeka, anatazama mulango. Maziwa yanatoka, yanalowesha kitenge. Mama amemufunga kifua, maziwa yakauke.
Nimechota maji mara mbili, kazi ya Sifa. Hakuna aliyenituma.